Chumba Ulichokitafuta Mwenyewe

Rehema mwanangu,

Nimefungua begi lako. Naanza na hilo kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe na sitalisema. Watoto wa watu nawafundisha kila mwaka kuandika barua, anwani juu upande wa kulia, tarehe chini yake, halafu natumaini u mzima wa afya. Leo sina anwani wala tarehe. Wewe uko Magole kumuaga bibi yako, begi la safari ya kesho umeliacha limefungwa chumbani kwako, na mimi mama yako nimelifungua.

Asubuhi ulipoondoka nilijiambia napita tu kufagia. Nikafagia. Nikalitazama. Lile shangazi kaja lako la bluu lilikuwa limevimba upande mmoja kama shavu la mtu mwenye jino bovu, nikasema hebu niliweke sawa kidogo, lisije likapasuka kwenye buti la basi. Nikavuta zipu. Ala! Magunzi ya mahindi. Vizibo vya soda. Vikopo vya nyanya vilivyokwanguliwa midomo. Makufuli mabovu na funguo zake zimefungwa kwa uzi. Shuka moja, chandarua hakuna, sufuria hakuna. Nikasema makubwa haya! Mtoto wa kike anakwenda kuanza kazi na maisha Mikumi na shuka moja na furushi la takataka.

Nikatoa vyote. Nikaweka blanketi, chandarua, sufuria mbili na mifuniko yake, vitenge vyangu viwili ambavyo hujawahi kuvipenda, na chupa ya samli. Vizibo na magunzi nikavipeleka shimo la taka nyuma ya choo. Nikanawa mikono, nikamimina chai, nikakaa kibarazani nikijiona mama wa kupigiwa mfano.

Nilipoingia tena ndani nikaona kile kitambaa chako cha kaki kimebaki kitandani, kile ulichokishonea vifungo vikubwa upande mmoja na matundu upande wa pili, ili watoto wajifunzie kufunga. Nikakishika. Hapo nikamkumbuka Tatu, yule mtoto wa chekechea ya Mikumi, nikajua zile takataka ni vifaa vyako vya kufundishia.

Basi mwalimu Hadija, mke wa mtu, mtu mzima na miwani yake, nimeingia shimo la taka na ndoo. Jirani amepita akaniuliza, "Mwalimu, umeangusha nini?" Nikamwambia hereni. Nimeokota vizibo kimoja kimoja, nimeviosha kwa sabuni, nimevianika juu ya bati la banda la kuku. Magunzi mawili sikuyaona, nadhani kuku wameyaburuta. Nisamehe kwa hayo mawili.

Lakini begi si jambo kubwa. Liko jambo la pili, na hilo ndilo lililonikalisha na daftari hili. Nitalisema. Ngoja kwanza nikatazame maharage.

Nimerudi. Yanachemka. Nimechungulia na barabarani pia, ingawa najua gari la Dumila utakalorudi nalo halifiki kabla ya alasiri.

Sijui kama unajua Tatu alinifanyia nini. Ni siku ile uliyonichukua kwenda Mikumi kuona mahali ulipokuwa unafanya mafunzo, ile chekechea ya vyumba viwili. Nilikwenda nimevaa gauni langu la ukaguzi. Miaka yote hii nimefundisha darasa la kwanza hapa Kilosa, nikasema nitawaonyesha vijana kazi. Kufika, sikuona ubao mbele. Sikuona mbele yenyewe iko wapi. Mtoto huyu yuko chini anamimina maji kutoka kikopo hiki kwenda kile, yule anakata ndizi kwa kisu, kisu jamani, mwingine anafagia na ufagio wa kimo chake, na wewe umechuchumaa pembeni umefunga mdomo. Nikajiuliza, sasa mwanangu atalipwa kwa kazi gani?

Halafu kuna kale katoto, Tatu, miaka minne, kamekaa kwenye mkeka na shati lake kanahangaika na vifungo. Kifungo cha kwanza, kimekataa. Cha pili, kimeingia tundu la tatu. Kanapumua kwa nguvu, ulimi nje. Nilivumilia. Mungu anajua nilivumilia, labda dakika tano. Mwishowe nikainama, nikamwambia, "Njoo mjukuu wangu," nikamfunga vyote, pa, pa, pa. Nikampigapiga kifuani, nikasema, "Umependeza."

Yule mtoto alinitazama. Hakulia. Akashusha macho, akavifungua vyote, kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho. Akaanza upya kile cha kwanza.

Wewe ukacheka kidogo, ukaniambia, "Mama, mwache tu. Hicho ni chake." Nami nikacheka. Lakini njia nzima ya kurudi, kwenye gari, sikusema na wewe, ukadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimeaibika mbele ya mtoto wa miaka minne na sikujua nimeaibikia nini hasa.

Nadhani sasa najua. Ni kwamba nimeshawahi kuona macho yale. Yalikuwa yako.

Unaikumbuka siku ya mafuriko? Hatujawahi kuizungumza vizuri wewe na mimi. Ulikuwa na miaka saba, uko darasani kwangu, dawati la mbele kabisa, nilipokuweka ili watu wasiseme nakupendelea, halafu ili nikuone. Darasa langu lilikuwa na sifa wilaya nzima. Wanne wanne kwenye dawati na huwasikii hata kukohoa. Sheria yangu ilikuwa moja: hakuna kusimama mpaka niseme simameni. Mwalimu mkuu alikuwa akija na wageni ananiambia, "Mwalimu Hadija, hebu toka kidogo," natoka, wanakaa dakika kumi wakichungulia dirishani, na ninyi mmekunja mikono mnatazama ubao mtupu. Wageni wanatikisa vichwa, wananipa mkono. Nilikuwa naona fahari, mwanangu. Nilikuwa natembea nimeinua kidevu.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi yake. Niliwaambia, "Kunjeni mikono, nakuja," nikaenda ofisini kusaidia kupandisha madaftari ya mahudhurio juu ya makabati, kwa sababu paa lilikuwa linavuja. Tukapandisha, tukaongea, tukapandisha. Hatukujua kwamba mto Mkondoa umeshavunja tuta. Maji yaliingia ofisini kimyakimya kwa chini ya mlango, na kabla hatujauliza ni nini yakawa yametufika kwenye vifundo vya miguu.

Mlango ukasukumwa, akaingia Mwanaidi. Huyu huyu Mwanaidi anayeuza wali na samaki pale Dumila, ambaye leo bila shaka umepita kwake na amekujazia sahani. Wakati huo alikuwa mtoto niliyemchapa kuliko wote. Hatulii, anauliza, anasimama, anatazama nje. Kaingia amelowa mpaka kiunoni, anatetemeka, akaniambia, "Mwalimu, njoo uwaambie wasimame. Mimi hawanisikilizi."

Nilikimbia. Sijawahi kukimbia vile tena. Nikafungua mlango wa darasa, lililokuwa chini kuliko ofisi, na mlikuwa mmekaa. Wote. Mikono imekunjwa. Maji yamewafika magotini pale mlipokaa, daftari zinaelea, ndala zinaelea, watoto wawili watatu wanalia bila sauti, na hakuna aliyesimama. Na wewe dawati la mbele, midomo imekuwa ya bluu, unanitazama machoni, unangoja.

Nikapiga kelele, "Simameni!" Mkasimama wote kwa pamoja, kama nilivyowafundisha.

Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu kila siku na sichoki kumshukuru. Tulishikana mikono mpaka kwenye mwinuko wa reli. Pale nilikuvua nguo, nikakufunga kanga, nikakuuliza kwa hasira, maana mimi hofu yangu hutoka na sura ya hasira, unanijua. "Kwa nini hukutoka? Huoni maji?" Ukanijibu, "Hukusema."

Neno hilo moja. Hukulisema kwa kunilaumu. Ulikuwa unanikumbusha tu sheria.

Na hapa ndipo pa aibu yenyewe, ambayo hata baba yako sijawahi kumwambia. Wiki iliyofuata, wakubwa walikuja kutupa pole, mwalimu mkuu akasimama akasema darasa la mwalimu Hadija halikukanyagana mlangoni kwa sababu ya nidhamu yake. Watu wakanipigia makofi. Mwanaidi alikuwa amekaa pale chini, kwenye nyasi, ananitazama. Na mimi nilipokea makofi yale. Nilisema asante. Sikusema kwamba bila yule mtoto mtundu ningewakuta ninyi mmekaa vilevile na maji yako kifuani.

Kila nikipita Dumila anasimama kuniamkia, "Shikamoo mwalimu," kwa heshima zote, naitikia marahaba huku natafuta pa kuweka macho. Mwezi uliopita nikajikaza. Nikamwambia, "Mwanaidi, siku ile ya maji, sikukushukuru." Akaendelea kupakua wali. Akasema, "Mwalimu, mimi nilitoka kwa sababu nilikuwa na mkojo." Halafu akacheka mpaka akashika meza, nami nikacheka, nikalia, wateja wakatushangaa. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli au alinihurumia.

Ungedhani mtu akishaona vile anabadilika. Wapi! Mwaka uliofuata, darasa la pili, mliambiwa mlete kazi za mikono. Ukakaa uani na chelewa zako siku nzima, ukatengeneza ufagio. Ulikuwa umepinda, kichwa kikubwa, umefungwa kwa kamba ya kiroba kilichochanika. Ulipokwenda kuoga nikaufungua. Nikausuka upya, nikaukata mwisho ukawa sawa, nikaufunga kwa mpira wa baiskeli. Ukawa wa kwanza shule nzima! Nilikuwa nimeshika zawadi yako, bakuli la plastiki, nakuonyesha majirani. Ukanivuta kanga, ukauliza polepole, "Mama, na ufagio wangu mimi uko wapi?"

Nikakuambia, si huo hapo. Ukanitazama na macho yale ya Tatu. Tofauti ni kwamba Tatu alivifungua vifungo vyangu akaanza upya. Wewe hukufungua. Ulishazoea.

Kuanzia hapo nilikuona unangoja. Ukimaliza swali moja la hesabu unainua kichwa. Ukichagua nguo unanitazama mimi kwanza, halafu kioo. Nami nikawa nasema mbele za watu, Rehema wangu ana adabu, Rehema hana makuu. Baba yako alikuwa akirudi kutoka Kidodi, na vumbi la miwa kwenye nyusi, anakaa kwenye kiti, anakuuliza, "Rehema, unataka kula nini leo?" Unanigeukia mimi. Siku moja akaniambia, "Hadija, huyu mtoto umemkalia." Nikamnunia siku nne. Mtu anayeshinda kwenye lori la miwa atajua nini kuhusu malezi? Hivyo ndivyo nilivyomjibu, na leo namwomba radhi kwenye barua yako kwa sababu kwake bado nashindwa.

Harufu! Maharage.

Yameungua chini kidogo tu, nimeyahamishia sufuria nyingine. Utayala hivyo hivyo. Jua limeanza kuingia kibarazani, kwa hiyo siwezi tena kuchelewesha. Nasema.

Jumanne nilimpigia simu Mama Chiku.

Ndiyo, Mama Chiku wa Mikumi, mwenye nyumba wako. Namba niliitoa kwenye simu yako ulipokuwa bafuni. Nikajitambulisha, nikamwambia Rehema haji tena, chumba ampe mtu mwingine, binti atakaa kwa mama yake mdogo. Akasema, "Haya mama, hakuna shida." Ikaisha hivyo, haikuchukua muda wa kuchemsha yai. Halafu nikampigia mdogo wangu Zuhura, anayekaa huko huko Mikumi, nikamdanganya kwamba umeamua kukaa kwake, akuandalie kitanda, na kesho akusubiri stendi. Nilipanga ufike ukutane naye ameshashika begi lako. Ungefanya nini? Ungemfuata. Ungesema haya. Nilikuwa nategemea hiyo haya yako, mwanangu, niliyokufundisha mwenyewe.

Usitupe karatasi. Nisome mpaka mwisho, halafu ukitaka kunifokea nifokee.

Nilikuwa naogopa, na bado naogopa. Mikumi ni mji wa barabara kuu, malori yanapita usiku na mchana, watu wanashuka wasiojulikana wanakotoka. Mlango wako unafunguka nje moja kwa moja. Tembo wakija mashambani watu wanakimbia, na nani atakugongea akuamshe? Lakini hizo ni sababu za kumwambia jirani. Sababu yenyewe ni kwamba kila nikifumba macho nakuona umekaa kwenye chumba kile, maji yanapanda, umekunja mikono unangoja sauti yangu, nami niko Kilosa. Mimi ndiye niliyekufanya ukae. Sasa nikuachie vipi?

Nimekaa na wazo hilo tangu Jumanne, na usingizi sipati. Leo, nikiwa shimoni na ndoo ya vizibo, likanijia jambo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza angeliona. Chumba kile nani alikitafuta? Ulizunguka Mikumi siku mbili juani. Ulikataa kile cha kwanza kwa sababu ya dirisha, ukakataa cha pili kwa sababu mwenye nyumba alikuita mchumba. Ulipatana na Mama Chiku peke yako. Ukarudi hapa, ukasimama mlangoni, hukuuliza hata kidogo, ukasema, "Mama, nimepata chumba. Na kufuli nimenunua." Ukanionyesha kufuli. Umri wako wote nimengoja kukuona unasimama bila kuambiwa, ukasimama, na mimi nikapiga simu kukukalisha chini.

Saa moja iliyopita nimempigia tena Mama Chiku. Nikamsalimu, nikamwambia nimekosea, chumba bado mwanangu anakitaka. Akasema kuna kijana fundi pikipiki amekuja kukitazama, amekipenda, kesho mchana anarudi na godoro. Nikamsihi. Nikamwambia, dada yangu, mimi ni mwalimu, sisemi uongo. Nilipolisema hilo nikaisikia sauti yangu mwenyewe.

Akaniambia, "Mama, mimi nilipatana na yule binti. Sasa wewe juzi unasema haji, leo unasema anakuja. Nishike lipi? Chumba ni kati yangu na yeye. Anipigie mwenyewe."

Nikamwambia, "Lakini mimi ni mama yake."

Akasema, "Najua, mama. Ndiyo maana juzi nilikusikiliza."

Kweli amenipata. Nimeshika simu iliyokatika nikabaki namtazama kuku anadonoa kizibo kwenye bati.

Kwa hiyo hali iko hivi. Chumba chako huenda kipo, huenda kesho kinakwenda kwa fundi pikipiki. Nimekivunja mimi na sina uwezo wa kukirudisha, mwenye nyumba hataki maneno yangu, na ana haki. Namba yake unayo. Ukitaka kumpigia leo, ukitaka kwenda kesho na gari la kwanza ukasimame mlangoni kwake kabla ya huyo fundi, ukitaka kutafuta kingine, ukitaka kulala kwa mama yako mdogo siku mbili tatu wakati unatafuta, hayo yote ni yako. Nina maoni yangu, bila shaka ninayo, yananiwasha ulimi sasa hivi. Sitayaandika. Zuhura nimemwambia mwenyewe kwamba nilidanganya, kwa sababu uongo ulikuwa wangu. Amesonya, akasema, "Dada Hadija, na kitanda nimeshatandika!" Atapoa.

Ulinieleza mara nyingi kazi yenu, nami nilikuwa nakudhihaki, naiita shule ya kuchezea maji. Umenieleza kwamba mwalimu anaandaa vitu, anamwonyesha mtoto mara moja, kisha anarudi nyuma. Huko kurudi nyuma ndiko nilikodhani ni uvivu. Nimejaribu kurudi nyuma hivyo darasani kwangu, hukujua hilo. Baada ya kutoka Mikumi niliwaambia watoto wa darasa la kwanza wajigawie wenyewe chaki na vibao. Weee! Vumbi, makelele, mmoja kakalia mwenzake, mwalimu mkuu katoa kichwa ofisini. Nilishika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili ili nisiende. Baadaye kidogo kasichana kamoja, ambako tangu mwaka uanze sijasikia sauti yake, kakapanda juu ya dawati kakasema, "Mstari uanzie hapa." Ukaanzia pale. Nilikuwa nimechoka siku ile kuliko siku zote nilizochapa watoto. Kurudi nyuma ni kazi ngumu, mwanangu, na ninyi vijana mnaifanya kutwa nzima. Sikukupa heshima yake.

Na kule chekechea utakutana na akina mama kama mimi. Watakuja mlangoni na magauni yao ya ukaguzi, watawafunga watoto vifungo. Usiwacheke sana. Wengi wao wamewahi kuona maji.

Nimerudi chumbani kwako. Nilitaka kulirudisha begi kama ulivyolipanga, usijue lolote. Nimeshindwa. Sikumbuki magunzi yalikaa wapi na vikopo viliingiaje ndani ya shuka. Ulikuwa umepanga kwa akili yako na mimi niliona fujo. Basi nimetoa kila kitu, vyako na vyangu, nimevitandaza kwenye mkeka. Blanketi lipo, chandarua kipo, samli ipo. Chukua unachotaka, acha usichotaka, na vitenge vyangu ukiviacha nitanuna kidogo kisha nitavivaa mwenyewe. Begi liko wazi, tupu.

Nasikia gari linapiga honi kule njia panda. Huenda ni lako. Barua naiweka juu ya kitambaa cha vifungo, utaiona kabla hujanikuta.

Niko jikoni na haya maharage yangu yaliyoungua. Nitasikia ukifungua mlango, nitasikia ukikaa kitandani, nitasikia ukigeuza karatasi. Ukipiga simu nitasikia pia unapiga, ila sitaweka sikio ukutani. Nimekaa kwenye kigoda, nimekunja mikono. Sitasimama mpaka useme.

Mama yako,
Hadija